Koti la Ajwang

Ukifanya kazi miaka kumi na tano katika chumba cha kunyaushia majani ya chai, pua yako inakufa. Hilo hawakuambii siku ya kuandikwa kazi. Majani mabichi humwagwa juu ya vitanda virefu vya wavu, upepo ukipulizwa kutoka chini, nawe unapita ukiyafinya kiganjani na kuyanusa mpaka uone yamelegea vya kutosha kupelekwa kwenye mashine. Harufu ile huingia puani na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mke wangu alipika samaki, nikanusa majani. Alijipaka mafuta ya kunukia, nikanusa majani. Mwaka wa pili alirudi kwao Nyakach, akawaambia watu kwamba kuishi nami ni kama kuishi na mashine ya kukaushia: joto lipo, maneno hakuna. Sikumfuata. Nilikuwa na hasira, na pia alikuwa amesema kweli.

Naanza na pua kwa sababu ndiyo iliyoniponza, ingawa kwa muda mrefu nilidhani nimeponzwa na mambo makubwa zaidi.

Jina langu Joab. Nilikaa peke yangu katika nyumba za laini, zile safu za wafanyakazi, za shamba moja karibu na mji wa Kericho, chumba kimoja na jiko nje. Mama alikaa Soin, kule chini kwenye joto ambako chai haioti, katika kipande cha ardhi ambacho baba alinunua alipookoka na kuhama kutoka kando ya ziwa. Alikaa na Aoko, mke wa kaka yangu Ajwang. Ajwang mwenyewe alikwenda Nairobi mwaka wa hamsini na nane kutafuta kazi ya useremala. Aliandika barua saba, akaja nyumbani Krismasi moja, akarudi. Barua ya saba ilifika mwaka wa sitini na mbili, na baada ya hapo hatukupata hata salamu. Mtoto wao wa pekee alikufa kwa surua, tukazika bila yeye. Baba akafa, tukazika bila yeye.

Baada ya Pasaka ya mwaka wa sabini na tatu Mama aliniita Soin. Nilimkuta ameketi kwenye ngozi yake, anapukuchua mahindi.

"Joab," akasema, "nimechoka kumwombea mtu nisiyejua nimwombee nini. Kama yuko, mlete. Kama hayuko, tukate yago nizike mtoto wangu nipumzike."

Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, watu huenda kukata yago, tunda la mwegea, refu na zito kama mkono wa mwanamume. Huvikwa nguo ya marehemu, likalazwa kaburini, watu wakalia kama kawaida. Babu yetu alizikwa hivyo. Wazungu walimchukua wakati wa vita vyao vya kwanza akawabebee mizigo, hakurudi, na kaburi lake lina tunda. Pasta wetu hakulipenda jambo hili, lakini pasta hakuwa na mtoto aliyepotea.

Aoko alikuwa anapita na debe la maji kichwani. Alisikia yote na hakusimama. Miaka kumi na moja alikuwa si mke wala mjane. Hakuweza kuolewa, hakuweza kurudi kwao, hakuweza hata kuvaa nguo ya msiba. Alinunua samaki kwa magunia kutoka Sondu, akawakausha kwa moshi, akawauza sokoni Soin, na jioni alimwosha Mama miguu.

Nilimpenda Aoko. Nimesema mara moja na sitarudia. Na kwa desturi yetu nyumba ya marehemu huangaliwa na ndugu yake. Kwa hiyo ukitaka kujua nilikwenda Nairobi nikiomba nini, usiniulize ndani ya kanisa.

"Utamtafuta kwa miguu," Mama akaniambia. "Mtu aliyepotea hatafutwi kwa gari. Utampita. Na umwite jina."

Nilichukua likizo yangu ya siku kumi na nne. Bethwel, dereva wa lori la kiwanda, alinipakia juu ya masanduku ya chai hadi stesheni ya Lumbwa. Miaka yote ile nilikuwa nimeyatuma majani barabara hiyo na sikuwahi kuyafuata.

"Nairopi ni kupwa, Joab," Bethwel akasema kwa lafudhi ya kwao tulipoagana. "Usiingie kama mtu anaingia shamba ya mahindi."

Nilikuwa na barua saba mfukoni, na hizo ndizo zilikuwa ramani yangu. Ajwang alikuwa mtu wa kutembea. Kila Jumapili, wenzake wakilala au wakinywa, yeye alivaa viatu akauzunguka mji, kisha akatuandikia alichoona. Baba alikuwa akitusomea barua hizo baada ya sala, na Aoko alikuwa akizisikiliza akiwa amegeuza uso ukutani. Mimi nilizijua kwa moyo. Niliposhuka kwenye treni nilikuwa nimeshafika Nairobi mara saba.

Nilifikia kwa Alfayo, mtu wa kwetu aliyefanya kazi reli na kupewa chumba Makongeni. Alinipa godoro na onyo. "Chama chetu kina daftari ya kila maiti tumesafirisha kwenda nyumbani tangu mwaka wa arobaini na saba," akasema. "Nimeangalia mara mbili. Ajwang yako hayuko ndani. Sasa, mtu wetu kama amekufa hapa, sisi tunajua. Na kama ako hai, Jumapili anakuja Kaloleni tunamwona. Yeye hayuko kwa wafu na hayuko kwa wazima. Wewe utatafuta wapi?"

Nilimwambia nitatafuta katikati. Alicheka, mimi sikucheka.

Siku ya kwanza nilifuata barua ya kwanza, kutoka stesheni kupanda Government Road. Ya pili ilinipeleka kwenye sanamu za askari. Ajwang alikuwa ameandika: "Wako watatu, weusi wa shaba. Mmoja hana bunduki, amebeba mzigo tu. Nimemvulia kofia kwa sababu naona ni babu." Nilisimama hapo saa nzima. Watu wa ofisi walipita mbele ya babu yetu wakila njugu. Nilikuwa nimelikuta kaburi lake la kweli, na halikuwa na mtu wa kulipalilia isipokuwa njiwa.

Barua ya tatu ilinipoteza. Ilisema: shika Delamere Avenue, utamwona mzungu wa shaba, pinda kuelekea Victoria Street, karakana yetu iko uchochoroni nyuma ya duka la vitambaa. Nilitembea tangu asubuhi hadi adhuhuri nikiuliza Delamere Avenue, vijana wakanitazama kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda Misri ya Farao. Mwishowe mng'arisha viatu mmoja, mtu mzima, alinionea huruma.

"Mzee, hiyo uko juu yake," akasema. "Inaitwa Kenyatta Avenue, tangu uhuru. Na Victoria ni Tom Mboya siku hizi."

"Na yule mzungu wa shaba?"

"Alitolewa. Hapa watu wanaondoka, hata wale wa shaba."

Duka la vitambaa lilikuwepo. Nyuma yake karakana ilikuwa imekuwa gereji, na hakuna aliyewahi kusikia habari ya seremala. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikala mkate wangu. Mji mzima ulikuwa umebadilisha majina, nami nilikuwa nimeshika majina ya zamani mkononi kama mpumbavu. Nilikasirika na Ajwang, nikakasirika na Mama, na zaidi ya wote nilikasirika na watu waliokuwa wakipita, kwa sababu kila mmoja wao alijua anakokwenda.

Siku zilizofuata nilitembea tu. Nilipanda mlima wa matajiri, ambako Ajwang aliandika kwamba mtu mweusi hupita akiwa na karatasi ya tajiri wake au hapiti. Sasa nilipita bila karatasi. Mbwa walikuwa walewale, maua yaleyale, na mtunza bustani aliyeniambia nisisimame langoni alikuwa mweusi kama mimi. Waliobadilika ni wenye funguo. Niliteremka hadi Shauri Moyo, mzee mmoja akaniambia walihamishiwa pale walipobomolewa nyumba zao Pangani enzi za mkoloni, wakaambiwa anayetaka ahamie, asiyetaka ni shauri ya moyo wake. Niliteremka Kariokor, nikajua jina lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la lile kundi la wachukuzi wa vita lililommeza babu. Kila mahali palikuwa na watu walioletwa, waliohamishwa, waliobomolewa, na kila mmoja alijua mwaka. Sikuwa nimejua kwamba mji una machungu ya ukoo kama nyumba nyingine yoyote.

Na nilikuwa nikimwita, kama Mama alivyoagiza. Mwanzoni nilinong'ona kwa aibu. Siku ya sita, soko la Gikomba, nilipaza sauti, na wanaume watatu wakageuka. Wote walikuwa Ajwang. Hakuna aliyekuwa wangu. Tulisalimiana wanne pale, tukaulizana vijiji, wakaenda zao, na upweke ulionishika baada ya hapo sikuwahi kuujua hata kwenye chumba changu cha laini.

Barua ya saba ilikuwa fupi. Ilitaja mahali pamoja tu, Pumwani, ambako alisema wako wenyeji wa zamani wa mji, watu wenye kanzu ambao babu zao walitoka kila kabila. Kisha akaandika: "Mtu akitembea vya kutosha katika mji huu, mji wenyewe unaacha kumwuliza ametoka wapi." Baba alikuwa amelisoma neno hilo haraka, akakunja karatasi.

Siku ya tisa nikaenda Pumwani. Nyumba zilikuwa za udongo na mabati yenye kutu, zimeshikana mabega, na barazani aliketi mama mmoja mnene akikaanga mandazi. Walimwita Bi Tatu. Nilimwuliza kama anamjua Ajwang, seremala, mtu wa ziwa.

"Hapa hatuna jina hilo, mwanangu," akasema. Aligeuza andazi. "Huyo nduguyo ana alama gani?"

Nilifikiria. Urefu hubadilika mtu akizeeka, mwili pia. Kisha nikakumbuka. Ajwang alizaliwa kabla baba hajaokoka, kwa hiyo alitolewa meno sita ya chini kwa desturi. Mimi nilizaliwa baada ya wokovu, nikaponea.

"Hana meno ya mbele chini," nikasema. "Sita."

Bi Tatu akaacha kukaanga. Alinitazama usoni, akatazama paji langu na masikio yangu. "Nyumba ya tatu, uani," akasema polepole. "Yuko Swaleh, fundi wa vitanda. Ana pengo hilo. Alituambia aliangukia jiwe."

Alikuwa amechuchumaa akisuka kamba kwenye kitanda, kofia nyeupe kichwani, ndevu zina mvi. Nilimsalimu kwa lugha yetu. Mikono yake haikusimama.

"Lugha hiyo siijui, bwana," akasema kwa Kiswahili cha mjini, na pengo likaonekana.

Nilibaki nimesimama. Mwanamke alipita na chetezo, akaingia ndani kufukiza nguo, moshi ukapanda dirishani. Mimi nikanusa majani. Watoto wawili walinichungulia. Ajwang alisuka safu nzima ya kamba kabla hajaniuliza, bado kwa Kiswahili, bado akitazama kitanda:

"Mama yuko?"

"Yuko. Anataka kukuzika."

Hapo mikono ikasimama. Tulikaa kwenye kile kitanda ambacho hakijakwisha kusukwa, naye akaniambia, mara Kiswahili, mara lugha yetu, akiitafuta kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Mtoto alipokufa, tajiri alininyima ruhusa. Hiyo mngenisamehe. Miaka miwili baadaye nikasikia baba amekufa. Nikafika mpaka stesheni, tikiti mkononi. Nikaanza kufikiria nitaingia aje kwa boma. Nianze kulia nani kwanza, mtoto ama baba? Watu wote watakuwa wananiangalia. Treni ikaondoka mimi nimesimama. Sasa Joab, mtu amekosa mazishi mawili, atarudi na uso gani?"

Wengine watasema huo ni upuuzi, angerudi tu. Hao hawatujui. Kwetu mtu husamehewa wizi na husamehewa ulevi, lakini aliyekosa kumzika baba yake anaingia bomani akiwa mgeni.

"Njoo sasa," nikamwambia, nami nilijisikia nikisema kwa sauti ndogo kuliko nilivyopaswa.

Alitikisa kichwa kuelekea dirisha, watoto, chetezo. "Nizikeni," akasema. "Mama apumzike. Na Aoko awe huru. Wewe hujaoa tena, si ndiyo?"

Aliposema huru moyo wangu uliruka. Nasema hivyo bila kujitetea. Ningeweza kumshika mkono nikamvuta. Ningeweza angalau kumwita mara ya pili, maana kwetu mtu anayekataa chakula huambiwa karibu mara tatu. Mimi nilimwita mara moja tu, kisha nikamwuliza nguo.

Aliingia ndani akatoka na koti la kahawia, lile alilokuja nalo Krismasi. Mkewe alikuwa akilitunza sandukuni. Nilimwachia anwani ya kiwanda, tukashikana mikono kama watu waliomaliza biashara, nikaondoka. Sikumwambia Alfayo chochote. Usiku wote kwenye treni nililalia lile koti.

Mama alinipokea mlangoni Soin. Sikungoja aulize.

"Hayuko," nikasema. "Homa ya mapafu, mwaka wa sitini na tano. Wenzake wa kazi walihifadhi koti lake kwenye sanduku."

Mama aliketi chini polepole, akashusha pumzi ndefu, na Mungu anisamehe, uso wake ulilegea ukawa wa kijana. Aoko alichukua koti mikononi mwangu. Alilikunjua, akazika uso wake ndani yake, akakaa hivyo muda mrefu. Nilitazama pembeni kwa heshima. Alipoinua uso hakuwa na machozi.

"Hivyo ndivyo walikuambia, shemeji? Miaka nane kwa sanduku?"

"Ndivyo."

"Haya," akasema.

Wazee walikata yago mtoni, Aoko akalivika koti kwa mikono yake mwenyewe, akafunga kila kifungo. Pasta hakuongoza ibada, lakini alikuja akakaa chini ya upenu na Biblia iliyofungwa. Tulipoanza kufukia Aoko alilia. Nimehudhuria mazishi mengi na sijasikia kilio kama kile. Watu walisema, huyu kweli alimpenda mume wake. Nami nilisimama na koleo nikimfukia ndugu yangu ambaye saa hiyo, bila shaka, alikuwa akisuka kamba.

Miezi mitatu nilishuka Soin kila Jumapili ya mapumziko na kilo ya sukari na majani ya chai. Kila mara Aoko alinipa uji, akakaa mbele yangu, na kabla sijaondoka aliuliza jambo lilelile kwa upole: "Una neno, shemeji?" Nilifurahi. Nilidhani mwanamke ananirahisishia. Jumapili ya mwisho wa Agosti nilivaa shati jeupe, nikamwambia ninalo. Nikamwambia habari ya nyumba, na desturi, na kwamba hata nje ya desturi nilikuwa nimemtaka miaka mingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kibuyu changu cha uji, kilichokuwa bado kimejaa nusu, akaumwaga nje.

"Hilo silo," akasema.

Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameondoka. Kwetu mjane hufungwa kwa ndugu wa marehemu. Yeye alikataa kufungwa, na kwa kuwa kaburi lilikuwepo, hakuna aliyeweza kumwambia angoje tena. Alikwenda kwa kaka yake aliyekuwa na duka Chepilat, akaendelea na biashara ya samaki. Mama alinilaumu kwa kumtisha mapema. Sikujua kosa langu. Nililitafuta usiku na mchana kati ya vitanda vya majani, nikifinya na kunusa.

Mama alifariki mwaka wa sabini na tano, kimya, kitandani kwake, akiamini ana mtoto mmoja juu ya ardhi.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa saba, mesenja aliniletea barua yenye mwandiko wa mtoto wa shule. "Kwa ami Joab. Baba Swaleh amefariki Jumatatu kwa kifua. Tumemzika siku ileile kwa dini yetu. Mama anasema upewe habari." Niliisoma nimesimama kando ya mashine. Nilitaka kulia, nikajua kwamba sina mahali. Nikienda Soin nikamlilia Ajwang, watu wangesema, huyu amepagawa, tulishamlilia huyo, tulikula hata ng'ombe wa msiba wake. Machozi yake yalikuwa yameshatumika. Niliingia katikati ya vitanda vya kunyaushia, mahali upepo unapovuma mtu asisikike, nikalia huko peke yangu hadi nyapara aliponiita.

Mtu mmoja tu ulimwenguni alistahili kuambiwa. Jumamosi nikaanza safari ya Chepilat. Basi lilikuwepo, lakini nilikwenda kwa miguu, siku moja na nusu, kupitia Litein na Sotik, nikilala kwenye veranda ya shule. Nilitaka nifike nikiwa nimechoka vya kutosha kusema ukweli.

Nilimkuta sokoni mbele ya gunia lake la samaki, amevaa kitambaa cha kichwa cha manjano. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipa mkono, akanipa kigoda, kisha akangoja, kama alivyokuwa akingoja zamani.

"Ajwang amekufa," nikasema.

"Uliniambia," akajibu. "Miaka minne sasa."

"Wakati ule nilisema uongo, Aoko. Alikuwa hai. Nilimwona kwa macho yangu. Amekufa Jumatatu mbili zilizopita."

Hakushtuka. Alipanga samaki wawili waliokuwa wamelala vibaya.

"Najua alikuwa hai," akasema. "Hiyo koti ilikuwa inanukia ubani. Shingoni ilikuwa sabuni, na jasho ya mtu, ya juzi. Unaniambia imekaa miaka nane kwa sanduku ya wanaume? Kuna mwanamke alikuwa anaitunza. Hata wewe si ulibeba siku nzima? Haukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nimelilalia usiku mzima, na nilinusa majani.

"Kama ulijua," nikamwuliza, "kwa nini ulilia vile?"

"Ningelia lini tena? Nilijua hiyo ndiyo siku moja nitapewa." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mama nilimwachia uongo yake, alikuwa mzee. Lakini wewe nilikungoja. Kila Jumapili nakuuliza, una neno? Nilisema, akiniambia tu, basi, nitakaa na huyu. Sikutaka sukari, Joab. Nilitaka mtu mmoja kwa hiyo nyumba asinidanganye."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu kabla ya siku hiyo.

Mwanamke wa Kisii alisimama mbele yetu akauliza bei ya samaki. Aoko akamtajia, wakabishana, akamfungia wawili kwa gazeti. Akarudi kwangu akauliza walimzika wapi. Nikamwambia sijui mstari wala jiwe, ni makaburi ya Waislamu, huko huko mjini. Alivuta kitambaa chake kikafunika macho. Kisha akakirudisha juu, akaninyooshea mkono, akasema njia ni ndefu, nianze mapema kabla ya mvua.

Nilianza. Nilipovuka daraja la kwanza nikainua kiganja alichokishika, nikakileta puani, nikitafuta hata kidogo harufu ya samaki wake. Kilinuka majani.